Nimemaliza mionzi, metroni ananitaka zamu ya usiku

Barua ya muuguzi huyu ilikuwa ndefu. Naifupisha hivi:

"Shikamoo. Mimi ni muuguzi, nina miaka 41, niko wodi ya upasuaji ya wanawake kwenye hospitali ya misheni huku Nyanda za Juu Kusini. Mwaka jana nilikutwa na saratani ya titi la kulia. Walitoa titi pamoja na tezi za kwapani, nikawekewa dripu za kemo, kisha nikashuka Dar kupigwa mionzi kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road. Ni wiki ya saba tangu nimalize, sasa nameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani isirudi. Likizo zangu zote zimekwisha. Metroni amenipigia simu anasema nirudi mwanzoni mwa mwezi, niingie kwenye ratiba kama wenzangu, na wiki ya pili nianze usiku kwa sababu wamechoka kunibeba. Kazi naitaka na mshahara nauhitaji. Ila vidole vina ganzi, mkono ulioumwa ndio ninaoutumia, na usiku silali nikiwaza nitaokota maambukizi wodini nife na kitu kingine kabisa. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa safari, na barabara yenyewe ile ya kushuka Dar nikiikumbuka, pole mara mbili.

Nimefanya kazi wodi za saratani miaka mingi, na katika miaka hiyo nimewapokea wauguzi wenzetu kadhaa waliopita ulikopita wewe. Karibu wote walirudi wakiogopa vijidudu, na sijapata kumwona hata mmoja aliyeangushwa na vijidudu. Walioyumba waliyumba wiki ya tatu au ya nne, mwili ulipokataa kwenda na kichwa kikagoma kuhesabu dawa, wao wakiwa wameshawaambia watu wote kwamba wamepona. Kwa hiyo nitapangua kidogo mpangilio wa woga wako. Ulichokiweka juu nitakishusha chini, na yapo mawili ambayo hukuyataja kabisa.

Tumalizane na vijidudu kwanza. Unajua kwamba chembe nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, halafu hupanda tena kabla ya mzunguko unaofuata. Dripu yako ya mwisho ilikuwa kabla ya mionzi, yaani miezi imepita, na mionzi ya kifuani hugusa sehemu ndogo tu ya uboho. Pima picha kamili ya damu wiki moja kabla ya kuripoti. Kama neutrofili, zile chembe nyeupe za mstari wa mbele, ziko sawa, hatari yako wodini haipishani sana na ya mwenzako wa meza ya pili. Kinachochelewa ni limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine, ambazo huchukua miezi kujijenga, kwa hiyo nusu mwaka wa kwanza omba usipangwe wodi ya kifua kikuu, na ukilazimika kuingia, vaa barakoa ya N95 inayokukaa vizuri usoni. Pima pia kinga ya homa ya ini B. Ulichanjwa ulipoanza kazi, lakini kemo huweza kuishusha kinga hiyo. Ikiwa kipimo kiko chini ya 10, utahitaji kuchanjwa upya. Chanjo zenye kirusi hai, kama ya homa ya manjano, zisubiri angalau miezi mitatu tangu dripu ya mwisho, na daktari wako akubali kwanza. Na ukipata homa ya nyuzi 38, usifanye ile yetu ya kumeza panado mbili kwenye chumba cha dawa na kuendelea na zamu. Sisi ni wagonjwa wabaya sana.

Sasa uchovu. Najua unaujua wa kutoka zamu, ule ambao ukila ugali na kulala kwa saa tisa unaamka mzima. Huu wa baada ya saratani unalala nao na kuamka nao. Unaweza kuwa na asubuhi nzuri kabisa, ukafua, ukapika, ukajisifu kwamba umerudi, halafu siku mbili zinazofuata huwezi kuinua kikombe. Watu wengi hubaki nao miezi kadhaa baada ya mionzi, wengine zaidi ya mwaka. Kabla ya kuukubali kwamba ni wa saratani tu, tafuta vinavyotibika. Himoglobini, kwanza. Tezi ya shingo, hasa kama mionzi yako ilifika juu ya mfupa wa mtulinga. Na kama ulipewa doksorubisini, ile dawa nyekundu, na sasa unahema ukipanda ngazi moja, dai kipimo cha eko cha moyo usianze kazi bila majibu yake. Huzuni nayo hujificha ndani ya uchovu. Muulize mtu anayelala nyumba moja na wewe, yeye ataona kabla yako.

Vyote hivyo vikiwa sawa, dawa yenye ushahidi kuliko zote ni kutembea. Najua inaudhi kuambiwa hivyo ukiwa hoi. Anza dakika kumi jioni, ongeza kidogo kila wiki. Kabla hujaripoti, jipime hivi: kwa siku tatu mfululizo amka muda wa kazi, vaa viatu vya kazi, simama na kuzunguka kwa saa nne kamili, pika, panga, nenda sokoni, usikae. Siku ya tatu jioni ikikukuta kitandani na machozi, hauko tayari kwa zamu yenye urefu wa saa nane, na huna haja ya kwenda kuyagundua hayo mbele ya wagonjwa ishirini na tano.

La kichwa hukuligusa, nami nadhani ni kwa sababu linatia aibu. Baada ya kemo wengi hupoteza wepesi wa kukumbuka na wa kushika mambo mawili kwa pamoja. Unaingia chumba cha vifaa, unasahau ulichofuata. Jina la mgonjwa uliyempokea asubuhi linapotea mchana. Kwa mhasibu hilo ni usumbufu. Kwa mtu anayevuta insulini kwenye sindano ni jambo jingine.

Nilikuwa na mwenzangu aliyerudi kazini wiki sita baada ya matibabu, mchapakazi, hakutaka hisani ya mtu. Wiki ya tatu akapangwa usiku. Saa kumi alfajiri alisimama mbele ya toroli na kichupa cha jentamaisini mkononi, mtoto wa kilo kumi na moja, hesabu ambayo ungemwamsha usingizini siku za nyuma angekupa jibu. Aliisoma chati mara nne. Namba zilikuwa zinaonekana lakini hazishikani. Akakirudisha kichupa mezani, akaenda kumwamsha mwenzake aliyekuwa amejilaza kidogo, akamwambia, "Nihesabie, mimi siwezi." Mpaka leo namtaja kwa wanafunzi wangu, na namtaja kwa sifa. Hakuna aliyedhurika. Lakini kesho yake tulimtoa usiku, jambo ambalo tungelifanya kabla hajaingia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yawe sharti lako, si ombi. Dawa za hatari, yaani insulini, heparini, potasiamu na mofini, zihakikiwe na watu wawili kwa miezi mitatu ya kwanza. Huo ndio utaratibu unaopaswa kuwapo kwa kila mtu. Wewe unauhimiza tu. Ugawaji wa dawa uufanye asubuhi kichwa kikiwa kipya, na ukiwa na toroli usipokee simu ya ndugu wa mgonjwa. Na daftari dogo mfukoni, kila kitu kiandikwe, hata vile ambavyo zamani uliviweka kichwani. Nyumbani fungua madaftari yako ya chuo, fanya hesabu kumi za dozi kila siku kwa wiki mbili. Zikikushinda zikiwa mezani, na chai pembeni, usiende kuzijaribu wodini. Kwa walio wengi wepesi huo hurudi kadiri miezi inavyokwenda.

Hapo ndipo zamu ya usiku inapoingia. Utasikia watu wakisema usiku huleta saratani. Kilichopo ni hiki: shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani mwaka 2007, likapitia upya na kubaki hapohapo mwaka 2019. Neno "huenda" lina maana yake pale, na hakuna anayeweza kukuambia kwamba usiku wako ndio ulikuletea ugonjwa, wala kwamba usiku ujao utaurudisha. Hoja yangu si hiyo. Usingizi wako sasa hivi unavunjwa na joto la tamoksifeni, uchovu haujaisha, kichwa hakijatulia, na usiku mnabaki wawili kwa wodi nzima. Mimi ningesema hakuna usiku kwa miezi mitatu, halafu mkae mtazame. Nikiulizwa na metroni wako nitamwambia vivyo hivyo.

Vidole. Ganzi hiyo kwa kawaida ni ya paklitakseli, mojawapo ya dawa za kemo, na huendelea kupungua taratibu miezi mingi baada ya dripu, japo kwa wengine haiondoki yote. Jijaribu ukiwa umevaa glovu: okota shilingi mezani, funga vifungo vya koti, vunja ampuli, tafuta mshipa wa mwanao na uhesabu mapigo. Utajua mwenyewe kama uko tayari kuweka kanula, ule mrija wa mshipani. Hatari kubwa hapa inakuhusu wewe kuliko mgonjwa. Kidole chenye ganzi kinaweza kuchomwa na sindano ndani ya glovu kisihisi. Baada ya kila kazi ya damu, vua glovu, nawa, tazama vidole kimoja kimoja penye mwanga. Ukiona tone, unajua utaratibu: dawa kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo na isizidi saa 72, na saa hizo huanza pale ulipochomwa, si pale ulipogundua. Miguu nayo ikiwa na ganzi, achana na kandambili za wodini. Vaa kiatu kilichofungwa, chenye soli isiyoteleza.

Mkono wa kulia najua umeambiwa usinyanyue kitu, hata ndoo ya maji. Ushauri huo ni wa zamani, na umewafanya wanawake wengi wabaki na mikono dhaifu bila sababu. Mwaka 2009 ulichapishwa Marekani utafiti wa wanawake 141 ambao tayari mikono yao ilikuwa imevimba baada ya saratani ya titi. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki mwaka mzima, wakianza na vyepesi sana na kuongeza polepole. Uvimbe wao haukuzidi ule wa wenzao, na walipata mashambulizi machache ya mkono kuvimba ghafla. Neno la kushika hapo ni polepole. Kinachoumiza ni mkono uliokaa miezi minane bila kazi kisha siku ya kwanza ukamvuta mgonjwa wa kilo tisini aliyetoka tumbo kupasuliwa. Anza nyumbani sasa hivi na chupa ya maji ya nusu lita. Wodini, kumgeuza mgonjwa kuwe kwa watu wawili na shuka la kumtelezeshea, wewe ukikaa upande ambao mkono wa kushoto ndio unaobeba. Pima mzingo wa mikono yote miwili leo, sentimita 10 juu ya kiwiko na 10 chini yake, uandike, urudie kila mwezi. Tofauti ikifika sentimita 2 au pete ikaanza kubana, mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo mapema, maana uvimbe wa mwanzo ndio unaotibika. Na mkono ukiwa mwekundu, wa moto, pamoja na homa, hiyo ni antibiotiki siku hiyohiyo.

Tamoksifeni sitaikalia sana. Joto litakupanda ukiwa ndani ya aproni ya plastiki, kwa hiyo vaa pamba ndani na ujue dirisha liko wapi. Uvimbe na maumivu ya ghafla kwenye shavu la mguu mmoja usiyaite uchovu wa kusimama, dawa hiyo huongeza hatari ya damu kuganda. Na ukipewa dawa ya sonona au ya kupunguza joto hilo, mtajie daktari tamoksifeni kwanza. Fluoksetini na paroksetini huipunguzia nguvu.

Sasa metroni. Usimfanye adui. Ana tundu kwenye ratiba na anazibiwa na watu waliochoka, akisema "wamechoka kunibeba" pengine amenukuu alichoambiwa mlangoni kwake. Lakini usimjibu kwa simu. Nenda kwa daktari wako uombe barua, na barua hiyo isieleze ripoti ya patholojia, haimhusu mtu. Ieleze unachoweza, usichoweza, na kwa muda gani. Mfano: wiki mbili za kwanza nusu siku, siku tatu kwa wiki, wiki mbili zinazofuata nusu siku kila siku, kisha zamu kamili za asubuhi, hakuna usiku kwa miezi mitatu, hakuna kunyanyua mgonjwa peke yake, ruhusa siku za kliniki. Tarehe ya kutazama upya iandikwe. Barua isiyo na tarehe ya mwisho humtisha mwajiri, huona ni ya maisha.

Kisha mpe kitu. Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, tunakwenda na orodha ya yasiyowezekana tu. Zamu za asubuhi za Jumamosi na Jumapili hakuna anayezitaka kwenye wodi yoyote niliyofanya kazi. Jitolee kuzichukua. Mwenzako anayekaa usiku kwa niaba yako atapumzika na watoto wake Jumapili, na minong'ono itapungua kuliko ungepika pilau la wodi nzima. Ukiambiwa uhamie kwingine kwa muda, kliniki ya wagonjwa wa nje au ya mama na mtoto ni sawa. Chumba cha kutakasa vifaa kikatae kwa adabu. Watu hukiita kazi nyepesi kwa sababu hakina wagonjwa, lakini mna mvuke wa moto na masinia mazito, na joto na uzito wa ghafla ndivyo mkono wako usivyovitaka.

Ikishindikana kwa maelewano, ujue pa kusimama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu. Nadhani hizo ndizo ulizomaliza. Kwisha kwake hakumaanishi kwamba ajira imekwisha. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kwa ugonjwa achunguze kwanza ukubwa wa tatizo na muda wake, atafute kazi mbadala au namna ya kuirekebisha kazi yenyewe, na akusikilize. Sheria hiyo haiitaji saratani kwa jina, lakini inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na mkono usioinuka sawasawa unaweza kuingia humo. Ukiachishwa, una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kama uko TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, mwone mwakilishi wa tawi kabla ya kikao, si baada yake. Nusu siku kwa mshahara kamili, hata hivyo, sheria haikuahidi. Hilo ni la kupatana, kwa hiyo piga hesabu ya nyumbani kwako kabla hujakubali chochote. Na angalia leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Nimeona mtu karudi na barua nzuri ya daktari, leseni ilikuwa imeisha akiwa kwenye dripu.

Kuna moja la mwisho, nalo ni la wodi yako hasa. Ni wodi ya upasuaji ya wanawake. Siku moja, huenda ndani ya wiki ya kwanza, ataletwa mama aliyetolewa titi na utaambiwa ukafungue kidonda chake. Usijilazimishe. Mwambie inchaji mapema, ninyi wawili tu, kwamba miezi ya mwanzo vidonda hivyo avifunge mwingine. Sio udhaifu, na wala usije ukadhani ni wajibu wako kuwa ushuhuda unaotembea. Wenzako watamsogelea mgonjwa na kumwambia "hata sista wetu huyu alipona" kabla hujauliza kama unataka kutajwa. Waambie mapema kwamba habari hiyo utaitoa wewe, kwa unayemchagua. Wakati utafika ambapo utavuta kiti ukae na mmoja wao, na utaujua mwenyewe. Kwa wanaouliza kwenye korido jitayarishie sentensi moja: "Nimemaliza matibabu, naendelea na dawa, nafurahi kurudi." Halafu uliza habari za watoto wao.

Metroni alisema mwanzoni mwa mwezi. Mwombe iwe Jumatano. Utafanya Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, ndizo siku zako tatu za nusu siku, na kabla mwili haujaanza kudai chake utakuwa nyumbani siku mbili nzima. Hizo Jumamosi na Jumapili ulizojitolea zianze mwezi wako wa pili kazini.